Sura ya 5: Kivuli Hakichelewi

Tarehe 20 Machi 1915, watu waliingia Carnegie Hall jijini New York kwenda kutazama muziki. Okestra ya Modest Altschuler ilikuwa inapiga Prometheus, utunzi wa Mrusi Alexander Scriabin, na pamoja na wapigaji palikuwa na pazia jeupe, dogo, na mtambo wa taa uliotengenezwa mahususi kwa onyesho hilo. Sauti zilipobadilika, pazia nalo lilibadilika: nyekundu, njano, zambarau. Wahakiki wa magazeti hawakuvutiwa. Rangi zilikuja na kwenda, na wengi hawakuona zinahusianaje na kile walichokuwa wanakisikia. Scriabin mwenyewe hakuwapo. Alikuwa kwao Urusi, ambako nyumbani alikuwa na duara dogo lenye balbu za rangi la kufanyia majaribio yake. Mwezi uliofuata alifariki kwa sumu ya damu iliyoanzia kwenye kijipu cha mdomoni, bila kuwahi kuuona utunzi wake ukipigwa na mwanga ukumbini.

Imepita zaidi ya karne moja, na projekta sasa zimejaa kwenye kumbi. Okestra zinapiga muziki wa watunzi walio hai huku nyuma yao zikipita video za miji, mawingu na maji. Maonyesho mengi ya aina hiyo yanakwama palepale alipokwama Altschuler, na lawama kwa kawaida huangukia vifaa: taa hafifu, pazia dogo, fedha kidogo. Nadhani vifaa vinasingiziwa. Muziki na picha vikikutana mbele ya watu, jambo la kwanza la kuamua ni nani atamsubiri nani. Hilo likiamuliwa vibaya, hakuna taa itakayoliokoa onyesho.

Rangi katika mistari ya nota

Scriabin hakuwa mtu wa kubahatisha. Katika kitabu cha nota cha Prometheus, alichokimaliza mwaka 1910, mstari wa juu kabisa, juu ya filimbi na tarumbeta zote, ni wa mwanga. Umeandikwa kwa nota za kawaida. Anayeupiga anasoma anavyosoma mpiga piano yeyote, ila kitufe anachobonyeza kinawasha rangi badala ya kutoa sauti: C ni nyekundu, D ni njano, A ni kijani, na kuendelea.

Wengi wanaomkosoa huishia hapo: nota moja, rangi moja, basi. Lakini mstari ule una sauti mbili. Ya kwanza inafuata kiini cha sauti za okestra na kubadilika nazo, mahali pengine kwa haraka kiasi kwamba jicho halipati nafasi ya kutulia. Ya pili inakwenda polepole mno. Inaanzia kwenye nota moja, inapanda hatua nzima kwa hatua nzima, na inarejea kwenye nota ile ile utunzi unapokwisha, kama dakika 20 baadaye. Rangi yake moja inaweza kukaa muda mrefu huku okestra ikivuma na kunyamaza itakavyo.

Kwa hiyo ndani ya kazi moja Scriabin alijaribu majibu mawili. Kuna picha inayomfuata bwana wake kila aendako, na kuna picha yenye mwendo wake yenyewe. Waliokuja baada yake waligawana majibu hayo, wengine bila kujua.

Picha iliyotulia

Mchoraji Mark Rothko alijiua Februari 1970, kabla jengo la sala aliloagizwa kulichorea huko Houston, Texas, halijafunguliwa. Jengo hilo, lililogharimiwa na John na Dominique de Menil, lilifunguliwa mwaka mmoja baadaye. Lina kuta nane na michoro 14 mikubwa ya rangi za giza, nyeusi na zambarau iliyoiva, bila mtakatifu wala msalaba. Mtunzi Morton Feldman, aliyekuwa rafiki wa Rothko, aliombwa atunge muziki kwa ajili ya mahali pale. Kazi yake, Rothko Chapel, ilipigwa humo humo kwa mara ya kwanza mwaka 1972.

Feldman alitumia viola moja, kwaya isiyotamka neno, ala chache za kugongwa, na selesta, ala ya vitufe yenye mlio wa kengele ndogo. Alitaka muziki ukienee chumba chote, usiwe kitu cha kusikilizwa kutoka mbali. Sauti zinatoka moja moja, chini chini, na kufifia kabla hujatambua zilianzia wapi. Hazielezi picha. Hakuna mahali unapoweza kusema kwamba sasa wanaupiga ule mchoro wa kushoto.

Hapa anayesubiri ni picha, na kusubiri ndiyo kazi yake. Ila chumba kile kinapata mwanga wa jua kutoka darini, na wingu likipita juu ya Houston zambarau inageuka nyeusi, kisha inarudi. Muziki unabadilika kwa sababu zake na mwanga kwa sababu zake. Mtu aliyekaa kwenye benchi ndiye anayeviunganisha. Ni ile sauti ya pili ya Scriabin, safari hii ikipigwa na jua.

Karibu na mwisho viola inaingia na wimbo mfupi wenye ladha ya Kiyahudi, ambao Feldman aliutunga akiwa na umri wa miaka 15. Michoro haikubadilika hata kidogo. Lakini baada ya sauti nyingi zilizokatikakatika, wimbo mmoja unaokwenda moja kwa moja unatosha kuyafanya macho yarudi ukutani na kutazama upya.

Picha isiyosubiri

Kituo cha sanaa cha The Shed kilipofunguliwa New York mwezi Aprili 2019, moja ya kazi za mwanzo kuonyeshwa iliwakutanisha mtunzi Steve Reich na mchoraji wa Kijerumani Gerhard Richter. Richter alikuwa amechukua mchoro wake mmoja wa mwaka 1990, akaugawa mara mbili, akaakisi vipande, akagawa tena: 4, 8, 16, hadi 4,096. Kadiri vipande vinavyokuwa vyembamba ndivyo picha inavyoacha kuwa picha, mpaka inabaki mistari ya rangi iliyolala. Kutokana na hesabu hiyo, yeye na mtengenezaji filamu Corinna Belz walitengeneza filamu, na Reich akaitungia muziki kwa hesabu ile ile. Filamu inaanza kwenye mistari. Reich anaanza na nota mbili zinazopokezana, kisha nne, nane, 16. Mistari inapopanuka na kuzaa maumbo, nota nazo zinarefuka. Picha ikirejea kwenye mistari, muziki unarejea nayo.

Undugu huu ni wa ndani kuliko ule wa nota moja na rangi moja. Muziki na picha vimejengwa kwa kanuni moja, kila kimoja kwa nyenzo zake. Lakini gharama ipo, na wanaoilipa ni wapigaji. Filamu haisubiri. Mpiga klarineti akihitaji nusu sekunde zaidi ya kuvuta pumzi, ukumbi ukiwa na mwangwi unaotaka mwendo upunguzwe, fidla ikikatika uzi, filamu inasonga mbele.

Wanaofanya kazi hizi wana njia mbili kuu za kukabiliana na hilo. Ya kwanza ni kumvalisha kondakta wa okestra, au wapigaji wote, spika ya sikioni inayogonga mapigo sawasawa na filamu. Ya pili ni kuigawa filamu vipande vifupi na kumweka mtu kwenye kompyuta, nota mbele yake, abonyeze kila kipande zamu yake inapofika. Njia ya kwanza inaleta usahihi na kuminya pumzi. Ya pili inairudisha pumzi, lakini inamtaka yule mtu wa kompyuta awe mwanamuziki kamili. Lazima asome nota. Lazima amtazame kondakta. Lazima ajue kwamba kompyuta na projekta huchukua sehemu ya sekunde kabla picha haijatoka, hivyo abonyeze mapema kidogo kuliko anavyosikia. Jina lake mara nyingi huandikwa nyuma kabisa ya kijitabu cha onyesho, pamoja na mafundi. Mahali pake pa haki ni kwenye orodha ya wapigaji.

Wapagazi wa Kentridge

Julai 2018, ndani ya ukumbi wa mitambo wa Tate Modern jijini London, jengo lililokuwa zamani kituo cha kuzalisha umeme, msanii wa Afrika Kusini William Kentridge alionyesha kazi inayotugusa watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Inaitwa The Head & the Load, jina lililotokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ni taabu ya shingo. Inawahusu Waafrika waliobebeshwa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwetu vita hiyo ilipiganwa tangu 1914, yakiwemo mapigano ya Tanga, hadi tarehe 25 Novemba 1918, kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Mbung'o walimaliza farasi na ng'ombe wa kukokota, barabara zilikuwa chache, na masanduku ya risasi, magunia ya unga na vipande vya mizinga vikapanda vichwani mwa watu. Mzigo wa kawaida ulikuwa na uzito wa kilo 25 hivi. Wapagazi waliotumiwa na Waingereza, Wajerumani na Wafaransa barani wanakadiriwa kukaribia milioni mbili. Katika vita ya Afrika Mashariki, waliokufa upande wa Waingereza peke yake, wengi wao kwa magonjwa na njaa, wanakadiriwa kufikia takriban laki moja. Palipokuwa na kambi zao leo ni Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Msemo wetu wa mzigo mzito mpe Mnyamwezi umehifadhi sifa ya wapagazi wa misafara ya kabla ya vita. Majina haukuyahifadhi, na orodha za majeshi nazo ziliyaacha mengi.

Muziki wa onyesho ni wa Philip Miller, ambaye amekuwa akimtungia Kentridge tangu filamu ya Felix in Exile ya mwaka 1994, akishirikiana na Thuthuka Sibisi. Miondoko ya wachezaji ilibuniwa na Gregory Maqoma. Wapigaji wa The Knights kutoka New York waliungana na waimbaji wa Afrika Kusini na mpiga kora N'Faly Kouyaté kutoka Guinea. Miller na Sibisi waliokota vipande vya muziki wa Ulaya wa enzi zile, wa akina Satie na Schoenberg, wakavigonganisha na nyimbo na miito ya Kiafrika. Maneno nayo yamegonganishwa. Maneno ya mwandishi Frantz Fanon yanasemwa kwa Kizulu, methali za Kitswana alizokusanya mwandishi wa Afrika Kusini Sol Plaatje zinapita, na Mkutano wa Berlin ulioigawa Afrika unaigizwa kwa silabi zisizo na maana za Mjerumani Kurt Schwitters. Sauti zinapanda, zinashuka, zinasisitiza. Uamuzi unapita bila neno hata moja la kueleweka.

Jukwaa lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 50, na urefu huo peke yake ni tatizo la kimuziki. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ngoma ikigongwa mwisho mmoja wa jukwaa, itasikika mwisho wa pili baada ya karibu moja ya saba ya sekunde. Kwa watu wanaozungumza hiyo si kitu. Kwa watu wanaotaka kugonga pamoja ni kuachana kabisa. Katika nafasi ya namna hiyo wanamuziki hulazimika kulifuata jicho, au spika iliyowekwa karibu nao, na kulipuuza sikio linalowaletea habari za mbali. Juu ya hayo kuna pazia linaloenea jukwaa zima, lenye michoro inayosogea, na mbele ya pazia kuna watu wanaoandamana.

Jibu la Kentridge lina umri mkubwa kuliko projekta. Taa zinawamulika waandamanaji kutoka mbele. Wanapita wamebeba vichwani maumbo bapa yaliyokatwa, na vivuli vyao vinaanguka kwenye pazia lile lile linaloonyesha michoro. Mtu akisogelea taa, kivuli chake kinakua mara mbili, mara tatu, na kuwafunika wenzake. Akirudi nyuma, kinapungua mpaka kinalingana na kimo chake. Hakuna kompyuta inayokiendesha. Mguu ukigonga sakafu pamoja na ngoma, kivuli kinagonga nao. Mwimbaji akivuta pumzi ndefu leo kuliko jana, kivuli kinasubiri pamoja naye.

Basi kwenye pazia moja pana picha za aina mbili. Michoro inakwenda kwa saa ya mashine, vivuli vinakwenda kwa mapigo ya watu. Zinapoingiliana, jicho halina muda wa kuzitenganisha, na uhai wa vivuli unaiambukiza michoro. Kentridge alikuwa amelijaribu hilo Roma mwezi Aprili 2016, kwenye ukuta wa mto Tiber. Alichora zaidi ya watu na wanyama 80 wakubwa kwa kuosha uchafu wa ukuta na kuacha umbo katika uchafu uliobaki. Usiku wa ufunguzi, makundi mawili ya wanamuziki wa Miller na Sibisi yaliandamana kutoka pande mbili hadi yakakutana, huku vivuli vyao vikipanda juu ya michoro ile isiyosogea.

Mkaa nao unasaidia. Kentridge hutengeneza filamu zake kwa kuchora kwa mkaa, kupiga picha, kufuta sehemu, kuchora tena juu ya karatasi ile ile na kupiga picha tena. Mkaa haufutiki wote. Kila kitu kinachosogea kinaacha doa la kijivu pale kilipokuwa. Kwa sababu hiyo filamu zake hazina kingo kali za wakati. Pigo la ngoma likitangulia kidogo au likichelewa kidogo, jicho linalikubali, kwa kuwa picha yenyewe bado inaonyesha ilikotoka na inakokwenda. Video safi ya kompyuta haina huruma hiyo. Kosa la sehemu ndogo ya sekunde linaonekana mara moja.

Mtu wa pwani atatambua jambo jingine. Askari na wapagazi wa vita ile ile ndio waliosaidia kuieneza ngoma ya beni kutoka pwani hadi bara: vikundi vya Arinoti na Marini, sare za kuigiza, vyeo vya kuigiza, gwaride mitaani kwa mdundo wa bendi. Sidai kwamba Kentridge alichota huko. Kanuni ndiyo ile ile: aliye kwenye gwaride anaonekana na kusikika kwa mwili mmoja, na mguu wake ndio saa yake.

Urefu wa jukwaa una kazi ya pili. Hakuna kiti kinachomwezesha mtu kuona mita 50 zote kwa pamoja. Ukimtazama mwimbaji wa kulia, huna habari na anayefanya kazi yake kushoto. Sikio linapokea vyote. Jicho linachagua, na likichagua linaacha. Katika kazi inayohusu watu ambao hakuna aliyewahesabu sawasawa, kuacha huko si ajali ya ukumbi. Mtazamaji anatoka akijua kwamba kuna waliopita mbele yake na hakuwaona.

Kazi hii ina udhaifu wake. Vipande ni vingi, na asiyejua Satie ni nani wala Plaatje ni nani atapitwa na migongano mingi. Ni kazi ya gharama kubwa pia, inayohitaji ukumbi wenye ukubwa wa karakana. Mwaka ule ule wa 2018 ilikwenda Duisburg na New York, kisha ikafika Johannesburg 2023. Kumbi za kuipokea ni chache duniani, na kwetu ni chache zaidi.

Kupima kwa macho na masikio

Ukipata nafasi ya kwenda kwenye onyesho la namna hii, fumba macho kwa dakika moja. Kama hukukosa kitu, picha ilikuwa pambo. Kisha fumbua macho na uzibe masikio. Kama hapo pia hukukosa kitu, muziki ulikuwa unaisindikiza sinema. Houston, anayefumba macho anapoteza giza la ukutani, na anayeziba masikio anapoteza muda unaopita. Kwenye The Head & the Load, anayefumba macho anasikia jeshi lisilo na wabebaji, na anayeziba masikio anaona wabebaji wasio na jeshi linalowaamrisha. Kila upande umebeba kitu ambacho mwenzake hakukibeba, na mzigo mzima unakutana kichwani mwa mtazamaji.

Kwa mtunzi wa Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura anayetaka kuanza, haya yana faida ya moja kwa moja. Asianze na bei ya projekta. Aanze kwa kuamua muziki wake utasubiri nini na utasubiriwa na nini, halafu achague picha inayoweza kutimiza hilo: mchoro uliotulia, filamu ya kukatwa vipande, au kivuli cha mwimbaji mwenyewe. Shuka jeupe, taa moja kali na kwaya iliyozoea kusubiriana vinatosha kwa jaribio la kwanza. Projekta itakuja baadaye, na ikija akabidhiwe mtu anayesoma nota.